Nyota Isiyo na Jina: Mhadhara wa Tukuyu Kuhusu Nishani za Wageni

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa sekondari mliokuja na madaftari: mmekuja ingawa mvua inanyesha. Mvua ya Tukuyu nitairudia baadaye, maana ina nafasi yake katika habari ya leo.

Nimeombwa nizungumzie nishani za kijeshi ambazo mtu hupewa na taifa lisilo lake. Nitaanza na moja ambayo baadhi yenu mmewahi kuishika. Ni nyota ya shaba yenye ncha sita. Katikati yake kuna taji na herufi za Mfalme George wa 6 wa Uingereza. Utepe wake ni wa buluu iliyokolea, una mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande umepitishwa mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Inaitwa Nyota ya Burma. Sasa igeuze nyuma. Hapana kitu. Ni bapa tupu la shaba.

Katika Vita Kuu ya Kwanza mambo hayakuwa hivyo. Askari wa mfalme alipopata medali ya vita ile, ukingoni mwake palichongwa namba yake, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Vita ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa na mamilioni ya medali za kutoa, wakaona kuchonga majina ni kazi ndefu na ghali. Medali zikatolewa bila jina. Kwa afisa wa London hasara ilikuwa ndogo, kwani jina lake limo katika majalada, magazeti na barua alizoandikia nyumbani. Kwa askari wa huku kwetu, wa Masoko au Kiwira, ile nyota mara nyingi ndiyo ilikuwa jalada lake lote.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu palikuwa na mzee aliyepigana Bama, yaani Burma. Hivyo ndivyo wao walivyopaita, Bama, na jeshi lao hawakuliita King's African Rifles, waliliita Keya. Mzee huyo alihifadhi nyota yake ndani ya kopo la tumbaku. Alipofariki, kopo likagawiwa pamoja na vyombo vingine, na nyota ikaishia mikononi mwetu watoto. Tuliifunga uzi, tukawa tunaizungusha hewani mpaka uzi ukakatika, ikaangukia mgombani. Hatukuitafuta sana. Hata ningeipata leo, nisingeweza kumthibitishia mtu yeyote kwamba ilikuwa ya mzee yule na si ya mwingine. Jambo hilo limenikaa moyoni miaka mingi, na ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za nishani.

Sasa twendeni mbali kidogo, halafu tutarudi.

Mwaka 1943, wakati Japani imeikalia sehemu kubwa ya pwani ya China, serikali ya China na jeshi la majini la Marekani zilitia sahihi mkataba wa kufanya kazi pamoja nyuma ya mistari ya adui. Upande wa Wamarekani aliongoza Kapteni Milton Miles, afisa wa majini. Upande wa Wachina aliongoza Jenerali Dai Li, mkuu wa ujasusi. Mabaharia wa Marekani wakajikuta bara, mamia ya maili kutoka kwenye meli, wakipima hali ya hewa kwa ajili ya manowari za Pasifiki, wakiangalia meli za Wajapani zinavyopita, wakifundisha wapiganaji wa msituni. China iliwavika baadhi ya maofisa hao nishani zake, mojawapo ikiwa ile iitwayo Wingu na Bendera.

Mtu akiisoma habari hiyo huenda asione ajabu yoyote. Rafiki amemshukuru rafiki. Lakini kuna jambo dogo la kisheria ndani yake ambalo naomba mlishike, maana nitalitumia kupimia kila nishani nitakayoitaja. Katiba ya Marekani, tangu mwanzo wake katika karne ya 18, inamkataza mtumishi wa serikali kupokea zawadi, cheo au tuzo kutoka kwa mfalme au dola la kigeni bila idhini ya bunge lao. Wakati wa vita ile bunge lilitoa ruhusa ya jumla, kwamba wanajeshi wanaweza kupokea nishani za nchi zilizo upande wao. Waingereza nao wana desturi ya namna hiyo: afisa wao akipewa nishani na mfalme wa nje, hawezi kuivaa rasmi mpaka mfalme au malkia wake mwenyewe aridhie.

Kwa nini wakali hivyo? Kwa sababu anayekuvika nishani anakutia alama. Neno letu lenyewe linasema hivyo: nishani lilitujia kutoka Kiajemi, na huko maana yake ni alama. Ukitiwa alama na mgeni, wa kwako wana haki ya kuuliza, unamtumikia nani? Basi ruhusa ile ni namna ya taifa kusema: huyu ni wetu, tumekubali ashukuriwe, lakini ni wetu. Ili uombe ruhusa lazima uwe na kwenu, na kwenu pawe na mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana.

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano wa afisa wa majini wa kigeni aliyevikwa nishani na dola la kwetu, wa zamani kuliko ule wa China, na mchungu zaidi. Uko Zanzibar.

Sultani Barghash bin Said alianzisha nishani mwaka 1875, mwaka aliozuru Uingereza. Kwa Kiarabu iliitwa al-Kawkab al-Durri. Sisi tungesema Nyota Ing'aayo. Iligawanywa kwa madaraja. Barghash alikuwa mtu mwenye akili ya dola. Alijua kwamba wafalme wa Ulaya huzungumza wao kwa wao kwa nyota na tepe za vifuani, naye alitaka Zanzibar izungumze lugha hiyo kama sawa nao. Miaka miwili baadaye alimchukua luteni kijana wa majini wa Uingereza, William Lloyd Mathews, aliyekuwa akihudumu katika manowari London iliyowekwa Zanzibar kuzuia biashara ya watumwa, akampa kazi ya kumjengea jeshi la mtindo wa Ulaya. Mathews hakuondoka tena. Alipanda mpaka akawa waziri mkuu wa serikali ya Zanzibar, akafia huko mwaka 1901. Nishani za Zanzibar alivikwa, na kwa kiasi fulani naona alizitolea jasho: aliutumikia usultani huo miaka zaidi ya 20, ingawa kila mwaka uliopita ulizidi kuwa mali ya Waingereza.

Mwingereza wa pili wa majini aliyevikwa nishani hiyo ni Admeri Harry Rawson. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash, mtoto wa yule mwanzilishi wa nishani, akaingia jumbani na kujitangaza sultani. Waingereza walimtaka Hamoud bin Muhammed. Rawson alikuwa na manowari tano mbele ya mji. Akampa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera. Saa tatu ikafika, bendera haikushuka, na dakika mbili hivi baadaye mizinga ikaanza. Kabla saa nne haijafika kazi ilikuwa imekwisha. Jumba la mbao na mawe la Beit al-Hukm liligeuka kifusi, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilizama bandarini, na watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Na ndani ya mji, waliosimama na Waingereza siku ile walikuwa askari wa Kizanzibari wapatao 900, wa jeshi lile lile alilolijenga Mathews kwa fedha ya Barghash.

Hamoud akawekwa kwenye kiti alasiri ya siku hiyo hiyo. Baadaye Rawson akavikwa Nyota Ing'aayo ya Zanzibar, daraja la kwanza.

Nimewahi kuisimulia habari hii darasani, na mwanafunzi mmoja akaniuliza: mwalimu, alivikwa kwa kuipigania Zanzibar au kwa kuipiga? Swali hilo naliheshimu kuliko vitabu vingi. Kwa karatasi, mtoaji ni Sultani wa Zanzibar na mpokeaji ni afisa wa nchi rafiki. Nyota ile aliyoibuni Barghash ili asimame sawa na wafalme ikavikwa kifuani mwa mtu aliyemfukuza mwanawe kwa mizinga. Na desturi ya ruhusa nayo ilifuatwa: admeri alikuwa na malkia wa kumwidhinisha. Hamoud, aliyeitoa, ndiye aliyekuwa hana uwezo wa kukataa kuitoa. Katika habari hiyo yote, mwenye kwao alikuwa mpokeaji.

Sasa turudi kwetu.

Mji huu tulimoketi uliwahi kuitwa Neu-Langenburg, makao ya serikali ya Wajerumani kwa nchi yote ya Unyakyusa na majirani zake. Masoko, kando ya lile ziwa la kreta, palikuwa na kituo chao cha kijeshi. Ng'ambo ya mto Songwe walikuwa Waingereza wa Nyasaland. Mpaka ule ulichorwa mwaka 1890 na watu wa Berlin na London, ukawakata Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde wa Karonga, watu wanaosikilizana lugha na kuoana. Vita ilipozuka mwaka 1914, kikosi cha Wajerumani kilitoka huku, kikavuka Songwe, na tarehe 9 Septemba kikapigana na Keya karibu na Karonga, kikashindwa. Mei 1916 ikawa zamu ya upande wa pili: Jenerali Edward Northey alivuka na jeshi lake, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameuchukua mji huu.

Kila jeshi lilikuwa na askari weusi, na nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi, tenga-tenga, waliobeba unga, risasi na wagonjwa kwa kichwa kupandisha milima ya Livingstone na kushuka upande wa pili. Hapakuwa na reli huku, na barabara za gari zilikuwa chache sana, hivyo jeshi la Northey lilitembea kwa shingo za watu. Katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Ile sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 inawataja kwa maneno yaliyochongwa chini yake. Aliyesimama juu, mwenye bunduki, ni askari.

Nataka kusema neno hapa juu ya madini. Medali ya Uingereza ya vita ile ilikuwa ya fedha. Lakini wapo waliopewa medali yenye sura ile ile, kichwa kile kile cha mfalme, ila ya shaba. Miongoni mwao walikuwa Wachina, vibarua zaidi ya 90,000 ambao Waingereza waliwachukua kwenda Ufaransa kuchimba mahandaki na kupakua mizigo. Vita moja, sura moja, na madini yanayokwambia nani alihesabiwa kuwa mpiganaji na nani kibarua. Keya nao walikuwa na medali yao ya ushujaa ya pembeni, yenye jina la Keya na utepe wake, ili isichanganywe na ile ya askari Mwingereza aliyefanya ushujaa ule ule. Wajerumani kwa upande wao walikuwa na medali ya askari weusi wa makoloni. Wakubwa hao waliopigana miaka minne walielewana katika jambo hilo.

Na lipo jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha habari ya askari wa kikoloni. Mwaka 1917 Waingereza walihitaji askari zaidi. Wakawachukua waliokuwa askari wa Wajerumani, waliotekwa au waliobaki nyuma, wakaunda nao kikosi cha 6 cha Keya. Mtu aliyekula kiapo kwa Kaisari akala kiapo kwa Mfalme George, kwa bunduki nyingine na dhidi ya wenzake wa jana. Je, ni msaliti? Mimi sithubutu kumwita hivyo. Msaliti ni aliyekuwa na kwao akapaacha. Huyu, kati ya Kaisari na George, hakuwa na kwao katika yeyote.

Kwao kulikuwa kwingine kabisa. Wasomi Godfrey na Monica Wilson, walioishi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu juu ya jambo ambalo wazee hapa mbele hawahitaji kuambiwa: kwamba huku kijiji kilijengwa na rika. Vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakaoa, wakazeeka pamoja, na kizazi kikipevuka kilikabidhiwa nchi kwa sherehe ya ubusoka. Heshima ya mwanamume ilikuwa mikononi mwa watu waliomwona tangu anachunga ng'ombe. Rika lako ndilo lililojua kama ulikimbia au ulisimama, na hapakuhitajika kipande cha chuma kukukumbusha.

Sasa chukua kijana wa rika kama hilo mwaka 1942. Vita ya Pili imepamba moto. Agizo limetoka bomani kwamba watu wanatakiwa. Malafyale, chifu wetu, hakuombwa, aliagizwa. Hapo ndipo ile kanuni ya ruhusa inapogeuka chini juu. Mmarekani alihitaji idhini ya bunge lake ili apokee utepe wa China. Admeri alihitaji idhini ya malkia wake ili avae nyota ya Zanzibar. Kijana wa hapa Rungwe alipovikwa nyota ya mfalme wa mbali hapakuwa na mtu wa kumwombea ruhusa, kwa sababu aliyeitoa alisema yeye ndiye mfalme wake. Nishani ya mgeni iliitwa nishani ya nyumbani.

Kikosi kile cha 6, cha Tanganyika, kilikwenda kupigana na Waitalia Uhabeshi. Huko, Mei 1941, Sajini Nigel Leakey, mlowezi kutoka Kenya, alipanda kifaru cha adui akiwa peke yake, akakifungua, na baadaye akauawa akijaribu kingine. Alipewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza. Ushujaa wake ni wa kweli nami naupa heshima yake. Naongeza tu kwamba katika vita zote mbili hakuna Mwafrika wa Keya aliyewahi kupewa msalaba huo. Nishani za maofisa nazo hazikumfikia, kwa kuwa hakuna Mwafrika wa Keya aliyeruhusiwa kuwa afisa wa kuongoza vitani. Alichoweza kupata ni medali za vyeo vya chini, na wapo waliozipata.

Kisha Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha faru begani, ilikuwa na vikosi vya Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini. Mwezi Agosti 1944 ilipewa kazi ambayo Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, alihitaji ifanywe wakati ambao majeshi mengine yangepumzika: kuwafukuza Wajapani kuteremka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko. Bonde hilo lilisifika kwa malaria na homa ya utitiri wa msituni. Barabara ziligeuka tope la kumeza gari. Chakula kililazimika kudondoshwa kwa ndege, na siku za mawingu ndege hazikuja.

Hapa ndipo nilipoahidi kuirudia mvua yetu. Tunakaa mahali penye mvua nyingi kuliko karibu sehemu zote za Tanzania. Mtoto wa Rungwe anajifunza kutembea juu ya utelezi kabla hajajifunza kusoma. Anajua kuni gani huwaka zikiwa mbichi, na jani gani la mgomba hufaa kujifunika. Mzee wetu yule wa kopo la tumbaku, akiulizwa na watoto Bama kulikuwaje, hakutaja Wajapani kwanza. Alisema: kulikuwa kama huku, ila hakukuwa na pa kurudi kujikausha. Sijasoma katika kitabu chochote sentensi inayoieleza Kabaw vizuri kuliko hiyo.

Novemba waliingia Kalemyo. Mwanzoni mwa Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, wakavuka na kushika ng'ambo, na wahandisi wakatandaza daraja la chuma linaloelea lenye mita 350 hivi, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Jeshi la Slim likapita juu yake kuelekea Mandalay. Upande wa kaskazini, Februari 1945, msafara wa kwanza wa magari ukafika Kunming, China, kwa barabara mpya kutoka India. Majeshi yaliyofungua njia ile yalikuwa mengine, lakini vita ilikuwa moja: kila Mjapani aliyebanwa Kabaw na Chindwin alikuwa Mjapani asiyeweza kupelekwa kuifunga barabara ya China. Basi ikiwa maofisa wa Miles walivikwa Wingu na Bendera, vijana wa Rungwe walikuwa na sehemu katika vita iliyokuwa inainusuru China, na bila shaka wengi wao hawakuwahi kuambiwa.

Walirudi na nyota isiyo na jina. Waliporudi, walirudi kwenye kulipa kodi ya kichwa.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya askari wa upande mwingine, wale wa Wajerumani. Mwaka 1964, mwaka aliofariki mkuu wao wa zamani Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari waliobaki hai malimbikizo ya mishahara ya vita ya 1914. Wazee mia tatu na zaidi walijitokeza Mwanza. Wachache tu walikuwa na karatasi. Inasemekana afisa aliyekuja na fedha, akiwa hajui afanyeje, alimpa kila mzee ufagio awe ameshika kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Hadithi hii hupenda kusimuliwa kwa kicheko. Mimi hainichekeshi. Mtu mwenye miaka 70, nusu karne baada ya vita, anatakiwa kusimama imara na ufagio ili athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Nimalizie safari kwa nishani nyingine ya China, ya siku zetu, na hii imemwendea Mswahili. Septemba 2019, China ilipokuwa ikielekea kutimiza miaka 70 ya jamhuri yake, ilimtunuku Dakta Salim Ahmed Salim Nishani ya Urafiki, katika kundi moja na Raúl Castro wa Cuba na Binti Mfalme Sirindhorn wa Thailand. Si ya kijeshi, ni ya raia. Mzaliwa huyo wa Pemba alikuwa balozi wetu Beijing mwaka 1969, kisha akawa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa kwa miaka 10. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971 kura zilipigwa kurudisha kiti cha China kwa serikali ya Beijing: 76 zilikubali, 35 zilikataa, 17 hazikuegemea upande. Salim alikuwa miongoni mwa waliokipigania kiti hicho ukumbini, na furaha yake usiku ule haikusahauliwa na Wamarekani. Mwaka 1981 alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, raundi baada ya raundi.

Ninaitaja kwa sababu hapa kanuni ile imesimama kwa miguu yake. Salim alipoinua mkono New York, aliinua mkono wa Tanzania. Aliyemtuma alikuwa Nyerere, na Nyerere hakuwa ameagizwa na mtu. Katika miaka ile ile reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Mbeya, kilomita 70 hivi kutoka tulipo. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Gongo la Mboto. Nendeni siku moja muyaone. Kila jiwe limeandikwa jina.

Hapo ndipo ninapotaka kuishia, kwenye jina lililoandikwa jiweni, kisha niwaombe kazi.

Najua zipo nyota Rungwe hii. Zimo kwenye masanduku, kwenye makopo, nyingine zimeshonwa kwenye koti la mazishi ambalo hakuna anayethubutu kulitoa. Wajukuu wa waliozivaa ni ninyi, na wapo kati yenu wanaokumbuka bado: babu alikuwa kikosi namba ngapi, alipanda meli gani Mombasa, alirudi mwezi wa mavuno au wa kupanda, rika lake walikuwa akina nani. Katika miaka 10 ijayo watakaokumbuka watakuwa wachache kuliko vidole.

Daftari liko mezani karibu na mlango. Nimechora safu tano: jina la aliyekwenda vitani, kijiji chake, rika lake, alichokisema kuhusu vita, na jina la anayeihifadhi sasa medali yake, kama ipo. Tenga-tenga waandikwe pia, wenye medali na wasio nayo, maana safu hazidai medali. Kijana wa sekondari ataandika, mzee atatamka. Aliyeleta nyota asiikabidhi kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Aionyeshe tu, tuipige picha, arudi nayo. Na tafadhali msizisugue kwa majivu wala kwa limau ili zing'ae. Weusi ule ni wa Bama.

Mwenyekiti, nadhani mzee huyu wa mstari wa kwanza mwenye koti la kijivu anataka kusema. Tumpe nafasi yeye kwanza, maswali yatafuata.